Mfuko Ulioshonwa

Jumatatu hadi Jumamosi nashona sare za shule, Baba Dogo,
kibanda cha tatu ukitoka kiwanda cha sabuni.
Jumapili nafundisha watoto nyuma ya kanisa,
mabati ya buluu, viti vya plastiki, chaki nanunua mwenyewe.
Jicho langu ni la fundi kwanza:
huona mshono kabla ya uso.

Mwendwa, miaka minane, alikuja na kaptura ya kaki,
mifuko yote miwili imezibwa kwa uzi mweusi,
uzi maradufu, mafundo makubwa,
kazi ya mkono usioijua sindano
ila unajua vizuri unachokizuia.

Sikumwita mbele ya wenzake.
Niligawa kalamu za rangi, nikakaa sakafuni karibu naye.
"Nani amekushonea?"
"Mimi."
"Mbona?"
"Peremende zisiingie tena."

Hapo vipande vyote nilivyokuwa nikitupa kapuni, juma baada ya juma,
vikajipanga mezani bila mkono wangu:
kwamba alikuwa mwimbaji, na siku hizi huhesabu misumari ya dari;
kwamba hukaa karibu na mlango, viatu havivui;
kwamba Shemasi Elkana, mwenye funguo za chumba cha vyombo,
humfundisha kinanda Jumamosi usiku, peke yao,
mama akiwa zamu kiwandani;
kwamba sote tulisema, tazameni moyo wa mtumishi.
Nilisema na mimi. Hilo nalo liandikwe.

Aliniomba nisimwambie mtu.
Nikamjibu, ahadi hiyo siiwezi,
ila sitamwambia asiyeweza kusaidia.
Akafikiri. Akanipa kalamu ya kijani, iliyobaki kipisi.
Sikumchimba. Maneno yake machache niliyaandika
nyuma ya risiti ya vitambaa, yalivyotoka,
tarehe, saa, bila kuyapiga pasi.

Wazee walinikalisha Jumanne.
Chai ilikuwa na tangawizi. Hakuna aliyepandisha sauti.
"Mwalimu Kerubo, ulimwona kwa macho?"
"Mtu huyu ndiye aliyetununulia spika."
"Tufunge siku tatu. Tuyamalize ndani."
Wakafungua sura waliyoizoea, ya ndugu kumwendea ndugu faraghani.
Nikarudi aya tisa nyuma, sura hiyohiyo,
kwenye jiwe la kusagia, na shingo, na kilindi cha bahari.
"Nairobi haina bahari," mmoja akasema,
na wawili wakacheka.

Hawakujua nilikuwa nimeshapiga.
Jumapili ileile, saa tisa alasiri, moja moja sita,
mama yake kando yangu na aproni ya kiwanda,
ameshika ukingo wa cherehani kana kwamba sakafu inasonga.

Kituoni, kwenye dawati la watoto, askari aliuliza kama nina hakika.
Sina, nikasema. Nina shaka, na nina mfuko.
Hakika ni kazi yenu.
Kalamu yake ikakauka katikati ya jina. Nikampa yangu.

Tangu hapo kwaya imepeleka majoho kwa fundi mwingine.
Salamu za mlangoni zimefupishwa upindo.
Kesi imeahirishwa mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya faili.
Kuna usiku najiuliza, na ikiwa nimekosea?
Kisha nakumbuka yale mafundo.

Mwendwa hupita akitoka shule, hupanga vifungo kwa rangi.
Kaptura ni ileile. Kifumulio kiko mezani, wazi.
Sijamwambia kitu. Mfuko ni wake.

Na juzi Jumatano alikuja Nafula, wa viti vya nyuma,
ambaye hatujawahi kusemezana,
akauliza bei ya kupunguza sketi.
Hakuwa na sketi.
Alisimama, akashika kitambaa, akakiachia.
"Binti yangu naye," akasema, "alifundishwa kinanda."

Nikasogeza kiti.
Nikatafuta risiti iliyo tupu kwa nyuma.