Farasi Kwanza

Chama chetu kipo Kutaisi, juu ya duka la tairi:
ngazi ishirini na tatu, balbu moja,
na harufu ya mpira inayopanda nasi hadi mezani.
Mimi ni fundi wa lifti. Mchana kutwa
nasimama kati ya ghorofa na ghorofa
nikiwaambia waliokwama: subirini.
Alhamisi jioni, napanda kwa miguu.

Miaka minane nilikuwa na kitabu kimoja
na njia moja ndani yake, hatua kumi na tisa,
nimezikariri kama mtoto na jedwali la kuzidisha,
nikizinong'ona ndani ya shimo la lifti.
Askari wa mfalme, mbele, vyumba viwili!
Nilitangaza vita kabla sijakaa vizuri kitini.

Kisha Gocha wa mikate,
Gocha, mwenye unga hadi kwenye kope,
hatua ya sita akasogeza kaaskari ka pembeni,
ambako kitabuni hakamo.
Nikatazama ubao. Nikatazama dari.
Ukurasa wangu umekwisha
na mchezo ndio kwanza unaanza.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni:
nilishindwa chai haijapoa.

Aliyeniokota alikuwa Tekle, miaka kumi na minne,
waya menoni, anayekuja chamani
kwa sababu kwao kuna mapacha wanaolia.
"Mjomba Otia," akasema,
"mbona kila mtu unamwambia unakokwenda?"
Akamshika farasi. "Huyu kwanza.
Huyu hajamwahidi mtu kitu."
Kisha askari mmoja akasogea chumba kimoja tu,
na kobe akaingia dirishani
(yule mwenda mshazari, kwetu Georgia tunamwita kobe),
akachungulia ubao mzima, kona hadi kona.
Mfalme akajibanza nyuma ya gari la vita.
Askari wa kati bado wamelala.

"Sasa hatua ya sita ni ipi?" nikauliza, kalamu tayari.
"Inategemea."
Inategemea! Mimi mtu wa skrubu na nyaya.
"Lifti haitegemei," nikafoka.
Akanitazama. "Lifti inajuaje kusimama ghorofa ya tatu?"
"Mtu amebonyeza."
"Haya basi."

Usiku ule, nyuma ya risiti ya grisi, nikaandika:

  Farasi mtangulize, kisha kobe dirishani,
  Shaha wako mtulize, nyuma ya gari kizani,
  Kati usiitangaze, nia iweke moyoni,
  Mgeni na aeleze, kilichomleta nini.

Sikugeuka mtu mwingine. Vidole viliwasha.
Wiki tatu askari wa mfalme alinivuta mkono
kama mbwa aliyeona geti wazi.
Lakini siku moja, mbele ya Gocha yuleyule,
farasi, kobe, mfalme, kimya,
yeye akijenga, mimi nikitazama anachojenga,
hatua ya tisa nikainua macho:
nimo ndani ya nyumba niliyoikariri miaka minane,
meza ileile, viti vilevile,
ila safari hii nimeingia kwa mlango wa jikoni
na najua kwa nini kila kiti kipo pale kilipo.

Ningependa kusema nilishinda.
Nilifikiri sana, kwa raha mpya,
huyu akienda huku, mimi kule, au nisubiri,
hata nikaisahau saa. Ikalia.
Gocha akanipa mkono wenye unga
akiwa na askari wawili pungufu.
"Hilo la saa," Tekle akasema, akivaa koti,
"tutaliangalia Alhamisi."

Asubuhi, jengo la hospitali ya meno, ghorofa ya nne na nusu,
mama mmoja akapiga kelele kupitia ufa wa mlango:
"Fundi, utachukua muda gani?"
Nikaweka bisibisi chini, nikasikiliza mashine kwanza.
"Inategemea, mama," nikasema.
"Niambie, ulibonyeza ngapi?"