Upande Huu Juu

Bwana Belarmino, mwenye kitalu, Quillota:
umeniomba picha tatu na maelezo mafupi.
Picha sina, simu yangu haioni vizuri tangu itumbukie kwenye supu.
Maelezo ninayo, ila ufupi siahidi.

Mlimau wako ulifika Punta Arenas Jumanne,
siku ya kumi na moja tangu nilipe.
Sandukuni mlichora mshale mwekundu, na chini yake
UPANDE HUU JUU.
Mshale ulikuwa unaelekea viatu vya tarishi.

Simlaumu Nibaldo. Upepo wa huku ukikasirika
tunafungiwa kamba mitaani, tushike ndipo tuvuke.
Sanduku alilikumbatia kwa mikono miwili,
kofia yake ikaenda Ajentina.
Akasema, "Doña Eduvigis, humu ndani kuna kitu kinacheza."

Nikakata gundi kwa kisu cha samaki.
Kwanza ikatoka harufu, na hapo nikakaa chini.
Majani yaliyosagika yalinukia limau
jiko zima, hadi kwenye mapazia,
nyumba ambayo kwa miaka minne
haijanukia ila gesi na sufu iliyoloa.
Kisha udongo, wote umejikusanya pembeni kama masimbi ya kahawa.
Kisha gazeti la kwenu, lililojaa habari za mvua ya watu wengine.
Kisha mti wenyewe,
umevunjika palepale mlipoubebesha,
unaning'inia kwa uzi wa ganda.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi,
sawa, lakini hapa kilichovunjika ni chuma chenyewe.

Mizizi niliilaza kwenye ndoo ya maji vuguvugu usiku kucha.
Kisu nikakipitisha motoni, nikasafisha palipochanika,
nikaunga mfupa kwa mfupa,
nikafunga kwa uzi wa soksi na kijiko cha mbao,
kijiko cha Arsenio, cha kukorogea mchuzi wa chaza.
Yeye alikuwa wa huko kwenu, bondeni.
Limau la dukani aliliita maji ya manjano,
akalikamua hata hivyo, akanung'unika, akala.

Juma zima majani yakawa yanaanguka,
moja asubuhi, mawili usiku.
Niliyaokota nikayatia chai.
La mwisho lilipoanguka nilifungua kijiko,
nikakiosha, nikakirudisha kwenye droo.
Chungu sikukitupa. Uvivu tu, usidhani ni imani.

Ulinipa saa arobaini na nane za kulalamika.
Leo ni wiki ya saba, ndiyo nashika kalamu,
maana kuna jambo.

Chini ya kovu, karibu na udongo, pametoka jicho la kijani.
Jicho likawa kidole, kidole kikawa fimbo.
Miiba yake mirefu kama sindano za kushonea magunia,
na kila jani limegawanyika matatu.
Nibaldo aliinama akatazama, akachomwa, akatukana kwa adabu:
"Mama, huu si mlimau."

Najua si mlimau.
Huyu ni yule wa chini, asiyeagizwa na mtu,
mliyemkata kichwa ili abebe mtamu mgongoni,
na kwenye orodha yenu ya bei hana hata mstari.
Alisafiri siku kumi na moja miguu juu kama mwenzake.
Mwenzake alikuwa na jina na picha ya rangi.

Kwa hiyo fedha zako kaa nazo.
Mlimau mwingine, roho yako ikipenda,
utume Mei, upepo ukiwa umechoka,
na mshale uchore pande zote sita,
atakayekosea akosee kwa bidii.

Ila nijibu hili kwanza, nalo ndilo lalamiko langu lote:
huyu aliyebaki anaitwaje?
Anachanua? Matunda yake yanalika,
au ni ya kutazamwa tu?
Amekwisha kufika kioo cha pili cha dirisha
na mimi namwita wee, wee,
kama mtu asiyejua nani amelala nyumbani mwake.