Lugha ya Mgongoni

Meza yangu iko chini ya ngazi. Tampere, Novemba,
saa tisa alasiri na taa za barabarani zimeshawaka.
Nafunga nyuzi za raketi: euro ishirini moja,
kumi na tano kwa wanaocheza wawili-wawili,
maana najua wanacholipwa.

Uwanja wa kwanza una majina makubwa kidogo;
watu hununua kahawa, wakakaa.
Uwanja wa tatu una feni mbovu
na watazamaji kumi na mmoja, nikimhesabu mfagizi.
Huko ndiko wanakopelekwa.

Walikutana Jumatatu, dakika sita kabla ya orodha kufungwa.
Ilmari Kettunen, miaka thelathini na saba, plasta ya bluu gotini,
mwenzake wa siku zote kaugua tumbo, kabaki Riga.
Na Wilder Choque wa Oruro, Bolivia,
ambako hewa ni nyembamba na mpira ukiupiga
huenda kama umeitwa na mtu.
Akanionyesha kwa vidole: kilo ishirini na sita. Kaza.
Nikamwambia hii ni nchi ya chini, mwanangu, tulegeze.
Hakuelewa.
Nikalegeza.

Kifini na Kihispania havijuani hata kwa salamu.
Walikuwa na maneno arobaini hivi ya Kiingereza cha viwanjani:
wangu, wako, nje, samahani, samahani tena.
Mengine yote wakayaweka mgongoni.
Aliye kwenye wavu huficha mkono nyuma ya kiuno,
anayeanzisha mpira asome:
kiganja wazi, nabaki;
ngumi, nahama, nawe hamia kwangu;
kidole kimoja, piga katikati, Mungu anajua.
Walikubaliana Jumanne kwenye uji wa shayiri,
kijiko kikiwa wavu,
bakuli la sukari likiwa adui.

Mechi ya kwanza walishinda wakigongana mabega.
Ya pili walishinda bila kutazamana.
Ijumaa, nusu fainali, wakakutana na ndugu wawili wa Denmark,
tumbo moja, ziwa moja,
wasiohitaji vidole.

Seti moja huku, moja kule.
Wa wawili-wawili hawapewi seti ya tatu, uwanja unasubiriwa;
wanapewa mbio fupi, wa kwanza kufika kumi.
Nilisimama mlangoni, raketi ya mtu mwingine mkononi,
nyuzi zikining'inia.
Nane kwa tisa.
Wilder akadundisha mpira mara nne. Akasita. Mara ya tano.
Mkono wa Ilmari ukaja nyuma.
Ngumi.

Mazoea yana taabu.
Kwa yule wa Riga, miaka tisa, ngumi ilikuwa kubaki,
na mkono una kumbukumbu zake, haukuulizi.
Wilder akaanzisha, akahama kama alivyoambiwa.
Ilmari hakuhama.
Wakajikuta upande mmoja, bega kwa bega,
kama watu wanaosubiri lifti,
na nusu ya uwanja nyuma ya kimya chao
iko wazi, safi, imefagiliwa.
Mdenmark hata hakupiga kwa nguvu. Aliuweka tu.

Mwamuzi, Tuulikki Rautio, akatangaza kwa sauti ya kusoma bei.
Mfagizi akapiga makofi.
Wilder alikaa benchini, taulo kichwani,
akikunja ngumi, akiifungua, akiikunja,
mpaka Ilmari akaishika ile ngumi, akataja: Riga.
Akasema, Ah.
Kisha kikatoka kitu, kicheko au kikohozi, sikujua.
Samahani haikusemwa. Walishaimaliza Jumatano.

Jioni Ilmari alikuja kulipa, sarafu kwa sarafu,
raketi zake na za Wilder, ambaye basi lake lilikuwa saa kumi na moja.
Alipiga hesabu kwa sauti, juu ya meza yangu:
gawa kwa mbili, toa kodi, toa chumba, toa wewe.
Kilichobaki akakitia mfuko wa shati
bila kukihesabu mara ya pili.

Nikamwuliza, mtacheza tena, wewe na yule?
Akanitazama.
Akapeleka mkono nyuma ya kiuno,
akanijibu huko.