Mchagua Jembe

Nyuma ya duka la chambo, mjini Gimli,
ziwa limeanza kuganda kingoni,
nimeilaza bunduki juu ya blanketi la kijivu
kama mgonjwa asiyetaka kueleza panapouma.
Ya marisawa, nusu otomatiki, mimi ni mwenyewe wa tatu:
wa kwanza alifariki, wa pili alihamia Regina,
nami niliipata Machi kwa dola mia nne na hamsini
pamoja na debe la maganda matupu nisiloliomba.

"Ina shida gani?" auliza Sigrun Thorvaldson,
mikono yake inanuka mafuta ya karafuu.
"Inanitemea."

Kwani mimi ni shoto.
Kila nikifyatua, ganda jekundu hukatiza usoni pangu
likiwahi zake kuliani,
na chembe za baruti hunidona shavu.
Kitufe cha usalama kimekaa tayari
kwa kidole cha mtu mwingine.

Wiki tatu nimelala na katalogi.
Kishikio cha komeo, kinene kama gololi, rangi ya zambarau.
Choki tano ndani ya kasha la mahameli.
Shanga ya shabaha inayowaka kijani hata alfajiri ya ukungu.
Springi isiyojua kutu.
Kitako cha kaboni, chepesi, cheusi,
bei yake usiku tisa wa zamu
kuwageuza wazee wa watu vitandani wasiote vidonda.
Na bomba refu, la risasi nane!
"La nini?" asema Sigrun. "Kwa bukini sheria ni tatu.
Au wamekutangazia vita?"
Anachomoa kijiti kinachoziba bomba, anakipuliza vumbi,
anakirudisha.

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Nimelelewa na methali hiyo, Singida, jua la utosi.
Lakini aliyeitunga hakuwahi kulimia
jembe lililokwisha kuchagua mkono.

Mwalimu Ndimbo alinifunga wa kushoto kwa kamba ya katani,
darasa la pili, muhula mzima.
Tumia wa kulia, alisema.
Nikautumia,
kwa maana zote mbili.

"Funga macho," asema Sigrun. "Inua. Tulia. Fungua."
Nafungua: mtutu wote nauona ubavuni,
kama treni inayoondoka.
Analegeza kitako, anatia kabari ya plastiki,
nyembamba kama ukucha, anakaza.
Funga. Inua. Fungua.
Bado.
Anaigeuza kabari, upana wake upande wa pili.
Funga. Inua.

Fungua.
Na shanga imekaa pale, katikati,
ile ile ya shaba, kuukuu, iliyopoteza rangi,
kama mtu aliyekuwa akiningoja nyumbani siku zote
na mimi ndiye niliyekosea mlango.

"Nani alikufundisha kuipinda shingo namna ile?"
Sijui nimjibu nini.
Nilidhani ndiyo shingo yangu.

Kitufe anakigeuza kwa dakika nne.
Kumbe kilikuwa kinageuzika muda wote huo.
Nakibonyeza kwa kidole changu, bunduki tupu, tik,
narudisha, tik,
mpaka ananiambia basi, utakimaliza.

"Maganda yataendelea kukupita usoni," asema.
"Hilo sina dawa. Ama ununue iliyoundwa kwa shoto,
ama uvae hii." Miwani ya njano, mguu mmoja una gundi.
Choki sikununua. Zambarau sikununua.
(Springi nimeiagiza. Ile ya zamani imechoka kweli,
msinicheke.)

Dola thelathini na nane, na miwani bure.
Nje bukini wanaelekea kusini, wanabishana
nani aongoze.
Anasukuma risiti juu ya meza,
nachukua kalamu, natia saini
kwa mkono wa kulia,
herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa.
Huo bado
sijauonea kipuri.