Kadi za Kuazima, Webuye

Boksi lilifika Jumanne, limefungwa kwa kamba ya katani:
vitabu kumi na vinne, kimoja hakina jalada.
Nikavipanga juu ya ile meza ya mninga
tuliyoinunua siku kiwanda kilipouza hata milango yake.

Huu ni mji uliowahi kutengeneza karatasi.
Baba alikuwa akirudi nyumbani ananuka yai viza,
na mabati yetu yakaliwa na moshi kabla ya wakati.
Tulitengeneza kurasa. Sikuwahi kumuuliza
nani angeandika juu yake.

Basi nisikilizeni, kidato cha pili, kabla kengele haijalia.
Hivi vimeandikwa na watu wenye asili ya Meksiko,
ya Peru, ya visiwa vya Karibi,
na wana wao waliozaliwa Marekani
wakikemewa kwa Kihispania.
Msiniambie ni mbali.
Mahindi mnayopalilia Jumamosi asili yake ni kwao.
Na parachichi lile Wekulo analolila chini ya dawati
akidhani simwoni.
Mbegu zilitangulia zamani;
hadithi ndiyo kwanza zinashuka garini.

Nanjekho, chukua hiki chembamba.
Msichana ana jina refu, mwalimu wake akalikata
kama mtu anayejikata kucha.
Utakutana na herufi n yenye kiwimbi kichwani.
Usiogope, ni ny yetu, ya nyuki na ya nyumba,
imevaa kofia tu.
Na j yao haisemi, inahema.
Wewe umesoma ng'ombe tangu chekechea,
ulimi wako umeshavuka mipaka mingi.

Simwelo, unayesema hadithi ni za wasichana:
humu mna golikipa aliyepoteza glavu moja,
na baba aliyetangulia, na mto wa kuvukwa usiku.
Sikuambii zaidi.
Ukurasa wa tisini usome ukiwa umekaa.

Sitawa, cha mashairi.
Bibi anakanda unga wa mahindi,
anagomba kwa lugha moja, anabembeleza kwa nyingine.
Kukhu wako je?
Umecheka. Kisha umeacha kucheka. Kichukue.

Hiki kinene sikipendekezi, nasema kweli.
Nilifika katikati, wafu wanaingia jikoni kila jioni
kudai kahawa, nikachoka nao.
Lakini Mukite alikichukua, mwezi sasa,
na nikimdai ananijibu,
"Mwalimu, bado wanakunywa."
Sijamwandikia faini.

Hayo yalikuwa ya mwezi uliopita.
Jana, nikifunga dirisha,
mama yake Simwelo alisimama mlangoni,
gambuti zina tope la shamba,
kitabu amekizungushia leso.
Nikajiandaa. Wazazi huja hapa kulalamika.

Kumbe alikisoma mwenyewe, usiku wa siku tatu,
mwanawe akimfafanulia palipokuwa pagumu.
Mumewe yuko Katari, huu mwaka wa nne,
na simu yake hulia Krismasi, tena si kila Krismasi.
Akakiweka mezani polepole
kama sahani ya kuazima.
"Huyu baba wa humu," akasema, "hakufika ng'ambo."
Akafuta tone la maji juu ya jalada kwa kidole gumba.
"Huna kingine, mwalimu, ambacho baba anarudi?"

Nikapitisha mkono kwenye migongo ya vilivyobaki,
kutoka kushoto, kisha tena kuanzia mwisho.
Nilijua vyote vinavyoishia.
Nilijifanya sijui.
Nikamvutia kiti, kile chenye miguu mizima.
"Keti kwanza," nikamwambia. "Tutafute."