Daftari la Merikebu Subira

Nalipwa kwa ukurasa. Chumba cha chini, Marblehead,
bomba la joto lagonga ko, ko, kama mgeni mwenye haya,
na mbele yangu mwandiko wa Nahodha Jotham Trefry,
mwaka elfu moja mia saba sitini na tatu,
wino umegeuka rangi ya chai iliyolala.

Kazi yangu kunakili: upepo, shehena, bei.
Nimemjua kama unavyomjua mpangaji mwenzio:
hamjala pamoja, ila wajua hukohoa saa ngapi.
Jino lilimsumbua toka Machi hadi Mei.
Alichukia manyunyu kuliko dhoruba.
Mpishi wake alimwita mwizi mara tatu,
na mara tatu akamwandika tena kazini.
"Mungu akipenda" aliifupisha, herufi mbili tu,
mtu mwenye haraka hata na Mungu.

Subira huvuta heri, twasema kwetu.
Subira hii ilivuta ng'onda:
chewa waliopasuliwa, wakatiwa chumvi,
wakaanikwa ufukoni hapa, kwenye maduka ya aiskrimu sasa.
Wazuri walikwenda Bilbao.
Waliovunjika, wenye madoa, walikwenda Barbados,
na pembeni nahodha kaandika: "wa kulishia."
Hakuandika kumlisha nani.

Tarehe tisa Juni. "Upepo Kusini-Magharibi, mwanana. Bahari shwari."
Mimi najua, yeye hajui:
juzi nilinakili kitabu cha kanisa.
Siku hiyohiyo mkewe, Hepzibah, alimzika Nathan,
miaka minne, dondakoo.
Siku arobaini na moja aliendelea kuandika shwari, shwari,
kama mtu arudiye nyumbani akipiga mluzi.
Kisha gati. Kisha ukurasa mtupu, hata tarehe hamna.
Kisha: "Tumeshusha mapipa mia mbili na kumi na mawili ya molasi."

Nikamhurumia, sikatai.
Nikavua glavu, nikanywa maji,
nikafunua ukurasa wa pili huruma ikingali mkononi,
na hapo, baina ya molasi na sukari:
"Quaco, mvulana, miaka tisa hivi. Mmoja."

Nilisoma kwa sauti. Kwako.
Ni jina la Kiakan, la aliyezaliwa Jumatano,
Bi. Lorna amelitafuta, akanionyesha.
Lakini sikio langu halikungoja kuonyeshwa.
Kwako, kama barua inavyoanza.
Kwako, kama swali analoulizwa mtoto aliyepotea sokoni:
kwako wapi?
Na mama yake, siku ile ya Jumatano,
hakujua kwamba mbali huko, kwa watu asiowasikia,
amempa mwanawe jina la mahali pa kurudi.

Mbele hayumo. Nimepekua kurasa sitini:
jino, manyunyu, mpishi mwizi.
Hamna aliyemnunua, hamna aliyemzika.
Nyumba ya nahodha ingalipo, mlango wa kijani,
watalii huupiga picha wakati wa kiangazi.
Mwenyewe yuko kilimani, kando ya Nathan,
chini ya fuvu lenye mbawa
ambalo mchongaji kalisahau jicho moja.

Kompyuta ina safu nne:
kitu, idadi, kipimo, bei.
Haikuruhusu kuruka.
Molasi imekubali. Sukari imekubali.
Sasa kishale chamemeta kwenye safu ya kwanza,
kinawaka, kinazima, nami mikono nimeikalia.

Saa kumi na moja kasoro. Nje theluji imeanza
ile nyepesi isiyojua kama ni mvua,
ambayo nahodha angeilalamikia mstari mzima.
Bi. Lorna anavaa koti, funguo zinalia.
"Umefika wapi?" ananiuliza kutoka mlangoni.

"Kwako," namwambia.
Naye, akidhani nimetaja jina tu,
anatikisa kichwa, anazima taa ya ngazini.