Nusu Saa ya Jumanne

Jumanne, saa kumi na mbili na robo. Łódź bado giza.
Nakitoa kidonge kwenye karatasi yake ya bati,
nakimeza kwa bilauri nzima ya maji matupu,
si chai, si maziwa, hata kahawa hapana,
kisha nasimama.
Kulala marufuku. Kuinama marufuku.
Nusu saa niwe wima kama mlingoti,
kisije kikanirudia kooni na kuniunguza.

Basi niko dirishani, Bogumiła wa watu,
miaka sitini na saba, mfumaji mstaafu,
nahesabu tramu.

Dirisha hili hili ndilo lililonivunja.
Februari, fremu imevimba kwa unyevu,
nikalisukuma kwa mikono miwili, na mgongoni
kitu kikalia kacha,
sauti ya uzi wa mtande ukikatika.
Kila mtu huniuliza: ulianguka wapi?
Sikuanguka popote. Nilitaka hewa.

Daktari Wrzosek akanionyesha picha:
pingili ya uti imebonyea upande mmoja
kama kopo lililokanyagwa,
na namba: hasi tatu nukta moja.
Hasi ya kutoka wapi? nikauliza.
Kutoka kwa mwanamke wa miaka thelathini, akasema.
Nikamkumbuka huyo wa thelathini,
jora la pamba begani, ghorofa tatu, anapiga mluzi.

Akanieleza, nami nikaelewa kwa lugha ya kiwandani.
Mfupa si jiwe. Ni kitambaa kisichomalizika.
Mna zamu mbili humo ndani.
Zamu ya kwanza hufumua: seli zenye tindikali,
zinachimba vishimo, zinaondoa kilichochakaa.
Zamu ya pili hufuma: inatandika nyuzi vishimoni
hadi madini ya kalisi yagandie juu yake.
Na kati yao alikuwepo msimamizi,
estrojeni jina lake. Kazi yake kubwa
kuwaambia wafumuaji: basi, yatosha, nendeni nyumbani.

Nilipofika hamsini na moja hedhi ikakoma,
msimamizi akaondoka bila kuagwa.
Nilidhani ni joto tu la usiku,
shuka zilizoloa, hasira za bure.
Kumbe huko ndani wanafumua bila kengele,
na wafumaji, maskini, hawalali,
ila hawawafikii.
Bandu bandu.
Gogo lilikuwa mimi.

Mama yangu, Leokadia, alikufa amekunjika
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.
Uzee, walisema. Mizigo, walisema.
Padri akasema unyenyekevu.
Hakuna aliyempima.
Nalikasirikia neno hilo, uzee,
nalikasirikia nusu saa kila wiki.

Kidonge hakitanirudishia jora zima lililofumuliwa,
sikudanganywa. Kinakwenda kujibanza mfupani,
na mfumuaji akija kung'ata, kinamlemaza.
Ni kufuli kwenye mlango wa zamu ile.
Mengine ni juu yangu: matone ya vitamini D,
maana jua la hapa hadi Aprili ni picha ya ukutani;
maziwa mgando; ngazi kwa miguu;
na kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki,
kama korongo mwenye madeni.

Jagna, binti yangu, alinipima kwenye mwimo wa mlango,
penye alama zake za utotoni.
Nimepungua sentimita nne.
Alama yangu mpya imekaa chini
ya ile yake ya darasa la saba.
Tukacheka, kisha akanyamaza.
Ana arobaini na sita.
Nikaichukua kalamu mkononi mwake:
zamu yako. Visigino ukutani.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu.
Tramu ya nne imepita, mtu mmoja tu ndani, amesinzia.
Bado dakika mbili, na siibi hata moja.
Mkate umekatwa, birika limeanza kunong'ona,
nami niko wima.